Majalada ya Zamani Ukutani: Ukiona Hivi, Chanzo ni Kile

Mtu akiniletea jalada la gazeti la zamani lililoharibika hunionyesha karatasi. Mimi humuuliza habari za ukuta: uko upande gani wa nyumba, chini au ghorofani, nyuma yake kuna choo au uchochoro, na dirisha la karibu linatazama wapi. Katika nyumba zetu za Unguja na Pemba, karatasi hubeba lawama nyingi zisizo zake. Kwa hiyo hapa tunaanza na ukuta, kisha mwanga, kisha ndiyo tuifikie karatasi yenyewe.

Nazungumzia majalada ya kuchorwa, ya zama ambazo mhariri alimwita mchoraji kabla ya kumwita mpiga picha. Kuna wenye kurasa za The Illustrated London News, gazeti lililoanza 1842 na lililochonga picha zake kwenye mbao kwa miongo mingi. Watu wa hapa hutafuta zaidi za mwaka 1875, Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipozuru London, na za 1896, mwaka wa mizinga ya Waingereza hapa Unguja tarehe 27 Agosti. Kuna wenye The Saturday Evening Post yenye michoro ya Norman Rockwell, aliyeichorea kuanzia 1916 hadi 1963, au The New Yorker, iliyotoka mara ya kwanza Februari 1925 na jalada la Rea Irvin. Na kuna wenye ya kwetu: Mambo Leo ya Tanganyika iliyoanza 1923, Joe ya Nairobi ya 1973, Sani ya katuni ya Dar es Salaam. Filmfare ya Bombay, iliyoanza 1952, si ya mchoro hasa, lakini wapenzi wa sinema za Kihindi huitundika pamoja na hizo na mimi siwakatazi. Karatasi na wino wa magazeti haya havifanani, ndiyo maana ukuta mmoja unaweza kuliua hili na kuliacha lile.

Ukuta unatoa unga, au nyuma ya fremu kuna jasho

Ukiteremsha fremu ukakuta alama ya mraba ukutani, unga mweupe wenye ladha ya chumvi, na ubao wa nyuma umelegea, usipoteze muda kuichunguza picha. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini na huyatoa polepole kwa uso wake. Maji yakikauka, chumvi hubaki. Utaratibu huo ni wa afya kabisa, na nyumba imeishi nao miaka mingi. Tatizo huanza mtu anapozipiga plasta ya saruji au rangi ya mafuta: maji yakikosa pa kutokea hupanda juu, na fremu uliyoibana bapa ukutani inakuwa kizuizi kingine. Nyumba za matofali ya saruji nazo hazijanusurika. Palipotumika mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi imo ndani ya tofali, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani kila masika.

Pima kabla ya kuamua. Chukua kipande cha plastiki angavu cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya chumba, na hapo dawa ni kufungua madirisha, feni, au kuhama chumba kilicho karibu na jiko. Yakiwa pande zote mbili, tafuta ukuta mwingine.

Ukuta mwingine maana yake ni ukuta wa ndani, usioguswa na mvua, usiopakana na choo wala birika la maji la zamani. Katika Mji Mkongwe kuna mvutano ambao kila mwenye picha anaujua: vyumba vya chini vina kiza kizuri kwa sababu vichochoro ni vyembamba, lakini vina maji, vya juu ni vikavu, lakini vina jua. Mimi huchagua juu bila kusita. Jua linazuilika kwa pazia. Maji yanayopanda ndani ya ukuta wa mawe hayazuiliwi na mwenye picha wala na fundi wa rangi, hata akikuapia.

Vidaka, vile vijishimo vya kuwekea vitu ukutani, ni kishawishi. Vinapendeza, vina kivuli, na jalada dogo linaenea barabara. Lakini hewa ndani yake haitembei, na ukuta wa nyuma pale ni mwembamba kuliko kwingine. Weka humo sahani na mabakuli kama walivyofanya wazee.

Kwa ukuta wa wastani, ambao ndio wengi tulionao, acha nafasi ya sentimita moja au zaidi kati ya fremu na ukuta. Gundisha vipande vya kizibo au raba kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu. Juu, waya yenyewe itaisogeza mbele kidogo. Badala ya hadibodi, funga mgongo wa fremu kwa ile shiti ya plastiki yenye mifereji ndani wanayoitumia watengeneza mabango. Ukiikosa, zungushia ubao wa nyuma foili ya jikoni, kwani maji hayapiti kwenye foili.

Msumari haukai

Plasta ya chokaa ni laini, na kila ukipiga nyundo shimo linazidi kuwa kubwa. Usishindane nayo kwa msumari mnene. Tumia drili bila kuwasha mtikiso wa nyundo, toboa taratibu mpaka uguse jiwe, weka plagi ya plastiki ndefu, ndipo uingize skrubu. Kama una boriti juu, huna haja ya kutoboa chochote: teremsha waya mbili kutoka kwenye boriti au kwenye ubao mlalo uliofungwa juu, na utundike fremu hapo. Siku ukitaka kubadilisha mpangilio, ukuta hauna makovu.

Waya na skrubu ziwe za stenlesi au za shaba. Waya wa kawaida kwa hewa ya bahari huota kutu kwa ndani, pale ulipokunjwa, na hukatika usiku. Mshipi wa nailoni wa kuvulia wengine huusifu. Unavumilia chumvi, ila hurefuka polepole chini ya mzigo na fundo lake huteleza. Kwa fremu ndogo yenye pleksi, yaani plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, sawa. Kwa kioo, hapana.

Nyekundu na njano zimeondoka, picha imebaki bluu

Huu ni mwanga, na hauna tiba. Katika uchapaji wa rangi nne, wino wa njano na ule wa waridi iliyokolea ndio huwa wa kwanza kupauka. Bluu na nyeusi hudumu. Ndiyo maana nyuso kwenye majalada ya zamani yaliyokaa dukani zinakuwa na rangi ya mtu aliyetoka majini. Kila saa ya mwanga hujumlishwa juu ya iliyopita, na kulipumzisha jalada gizani hakurudishi kilichokwenda.

Watu wengi hupima ukuta wao kwa mwezi mmoja tu. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Mtu anatundika Januari, anaona dirisha la kaskazini halileti jua, anaridhika. Ikifika Juni, jua lile lile linaingia asubuhi na alasiri na kutembea juu ya picha zake zote, na yeye yuko kazini. Madirisha ya mashariki na magharibi hayana msimu: yanapokea jua la chini mwaka mzima. Usisahau ukuta mweupe wa jirani ng'ambo ya uchochoro, kwani nao hurudisha mwanga mwingi kuliko unavyodhani.

Kioo cha kawaida hakitoshi. Miale mingi ya urujuanimno (UV), ile isiyoonekana kwa macho, hupita. Pleksi yenye kichujio cha miale hiyo husaidia sana, ingawa ni ghali, huagizwa, na hukwaruzika ukiifuta kwa kitambaa kikavu. Na hata hiyo haizuii mwanga wa kawaida, ambao nao hupausha. Taa za LED ni bora kuliko zile tyubu ndefu. Makumbusho huweka karatasi dhaifu kwenye mwanga wa luksi 50 hivi, ambao ni hafifu kiasi kwamba sebuleni mtu angeuliza kama umeme umekatika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa sebule yenye jua ni mkali kidogo: tundika nakala. Skani jalada kwa dpi 600 (vidoti 600 kwa inchi), lichapishe kwa ukubwa wake halisi, na lile la asili lilale kwenye folda kabatini. Asiyeweza kuvumilia nakala na azungushe: miezi mitatu ukutani, mwaka mzima ndani, na mengine yashike zamu.

Kuna kundi lisilohusika na haya yote. Kurasa za wino mweusi mtupu za karne ya 19 hazipauki, kwa sababu wino ule ni wa masizi na masizi hayaogopi jua. Ukiona ukurasa wa namna hiyo wenye rangi, na rangi zinapauka, basi uwezekano mkubwa ni kwamba muuzaji aliupaka baadaye kwa rangi za maji ili uuzike. Usiuguse kwa kitambaa chenye maji, rangi itakufuata.

Jalada limefanya mawimbi

Karatasi hutanuka ikinywa unyevu na hujikaza ikikauka. Ikiwa imebanwa pande zote nne kwa tepu au gundi, haina pa kwenda ila kupanda na kushuka. Chumba chenye kiyoyozi cha usiku tu ni kibaya kuliko chumba kisicho nacho kabisa: usiku inakauka, mchana inalowa, kila siku ya Mungu.

Toa tepu. Lishike jalada kwa pembe za karatasi, yaani vijimfuko vya pembetatu vilivyogundishwa kwenye karatasi ya nyuma, bila gundi kugusa jalada lenyewe. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zina chokaa ndani yake na hazina asidi, kwa hiyo zinafaa kwa vijimfuko hivyo. Acha nafasi ya milimita mbili au tatu ndani ya kila pembe ili karatasi ipumue. Jalada ambalo tayari lina mawimbi lilaze kati ya karatasi safi za kunyonya maji, juu yake ubao na vitabu vizito, kwa wiki kadhaa. Pasi iache kwenye nguo.

Kuhusu wakati: kazi ya kufunga fremu ifanywe Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Septemba. Ukifunga fremu kwa tepu pande zote katikati ya masika umefungia masika ndani. Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, jambo hili lina uzito zaidi. Laza vifaa vyote, karatasi, kadibodi na ubao, siku mbili ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kisha funga humo humo.

Limeganda kwenye kioo

Karatasi ya jalada linalong'aa imepakwa udongo mweupe laini pamoja na gundi nyepesi. Ikilowa, uso huo huwa nata, na ukikaukia kwenye kioo huwa kitu kimoja nacho. Sababu ni moja tu: jalada liligusa kioo. Mafundi wengi wa fremu huku hupanga kioo, picha na ubao kwa kubana, kwa sababu ndivyo mteja anavyopenda kuona, bapa bila kivuli.

Kama limeganda sehemu ndogo na karatasi ni kavu, acha kuvuta. Kipande kitakachobaki kwenye kioo ndicho hasa chenye picha. Wala usiloweke: karatasi ya aina hii haisameheki ikilowa. Lipige picha nzuri likiwa hapo hapo nyuma ya kioo, kisha amua. Jalada la kawaida liache na kioo chake, libadilishiwe fremu tu. Lenye thamani kubwa ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Unaweza kuanza kwa kuuliza Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako hati za tangu enzi za masultani hutunzwa.

Kuzuia ni rahisi mno: fremu ya ndani ya kadibodi nene yenye dirisha, au vipande vyembamba vya plastiki vilivyofichwa ukingoni, ili kati ya kioo na jalada pawe na milimita tatu.

Madoa

Hapa ndipo watu hukosea dawa, kwa sababu hawatofautishi doa na doa.

Madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika kama madoadoa ya usoni, yasiyo na mwinuko wala harufu, ukiyagusa hakuna kitu: hayo ni ya uzee wa karatasi, yanatokana na kuvu wa zamani na chembe za chuma zilizomo ndani yake. Yaache. Mtu atakwambia tia jiki kidogo kwa pamba. Jiki itaondoa doa, na baada ya miezi itaondoa pia karatasi iliyokuwa chini ya doa, kwa sababu inakula nyuzi zenyewe.

Doa la kijivu, kijani au jeusi lenye manyoya ukilitazama kwa pembeni na tochi, na linalonuka kama stoo iliyofungwa: huo ni ukungu ulio hai. Ukungu huota unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku nyingi, na kwetu hewa kukaa juu ya hapo ni jambo la kawaida. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali. Bei yake ni ndogo kuliko kioo kimoja cha fremu. Jalada lenye ukungu litenge na mengine mara moja ndani ya bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki utalizidishia. Likaushe kwenye kivuli chenye upepo au chumba chenye kiyoyozi mpaka ule unga uwe mkavu, kisha vaa barakoa, toka nje, na uufagie kwa brashi laini ya kupakia rangi, kuelekea mbali nawe. Ukifagia ukungu mbichi unaupaka. Mafuta ya karafuu nayo yana sifa ya kuua ukungu na wadudu, lakini mafuta ni mafuta: yakiingia kwenye karatasi hayatoki, na utakuwa na doa linalonukia vizuri.

Michirizi ya kahawia yenye ukingo uliokolea, kama ramani, ni maji yaliyopita. Tafuta yalikotoka kabla ya kutundika tena. Mara nyingi ni kiungo cha juu cha ukuta na dari, na mvua za vuli zitakuthibitishia. Vinundu vyeusi vyenye ncha nyeupe kwenye kioo au juu ya fremu ni vya mjusi, na hivyo hutolewa vikiwa vikavu kwa ncha ya kisu butu.

Kuna pia utando wa njano-kijivu unaoenea juu ya kioo na kuingia pembeni mwa karatasi pale fremu isipozibwa. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuwasha: vyote vina moshi wenye mafuta. Siwezi kumwambia mtu asifukize nyumba yake Alhamisi jioni. Azibe mgongo wa fremu kwa tepu ya karatasi, na chetezo kisikae chini ya picha.

Karatasi imegeuka kahawia na inavunjika

Karatasi ya bei rahisi ya karne ya 20 imetengenezwa kwa mti uliosagwa mzima mzima, na ndani ya mti mna lignini inayogeuka kahawia kwa mwanga na hewa, na kuzalisha asidi inayokata nyuzi. Ukurasa wa London wa miaka ya 1850, wakati karatasi bado ikitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, unaweza kuwa mweupe kuliko gazeti la 1955. Matoleo ya nyongeza ya rangi ya Le Petit Journal, gazeti la Paris, ya miaka ya 1890, ni mfano wa upande wa pili: michoro ya kusisimua juu ya karatasi mbovu inayomeguka ukiikunja.

Itazame rangi ilivyokaa. Kahawia inayoanzia kingo na kufifia kuelekea katikati ni hewa na uzee. Mstari wa kahawia unaofuata dirisha la kadibodi ni asidi ya kadibodi; ibadilishe. Mawimbi ya kahawia yenye umbo la vifundo na mishipa ya mti ni plaiwudi au ubao uliogusa mgongo wa jalada moja kwa moja. Sababu hii ya mwisho unaweza kuikomesha leo hii kwa karatasi safi mbili za fotokopi na foili kati ya picha na ubao.

Matundu, mikwaruzo na unga

Uso umekwanguliwa kwa vipande visivyo na mpangilio, karatasi imekuwa nyembamba inapitisha mwanga: ni yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha, asiye na mabawa, anayekimbia ukifungua kitabu cha zamani. Anakula wanga na ule upako wa jalada. Kingo zilizotafunwa pamoja na michirizi ya kahawia ni mende. Tundu linalotoka nyuma hadi mbele na kijia cha udongo nyuma ya fremu ni mchwa, na hapo teremsha fremu zote za ukuta ule siku hiyo hiyo, maana wanapita ndani ya ukuta. Unga wa mbao unaoanguka chini ya fremu umetoka kwenye fremu yenyewe: mbao za mwembe zisizotiwa dawa huliwa upesi. Omba msaji au mfenesi.

Majalada uliyoyanunua kwenye rundo la vitabu vya zamani yapitie frijini kabla hayajaingia kwenye mkusanyiko wako. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa, yaweke kwenye frija la kugandishia kwa wiki mbili. Ukiyatoa usifungue mfuko mpaka yapite saa 24, la sivyo hewa yetu itageuka maji juu ya karatasi baridi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu katikati ya kazi, anza hesabu upya.

Kutu na tepu

Pini za gazeti zikiota kutu, zinyooshe kwa nyuma kwa kisu chembamba na uzitoe moja moja. Usizivute kwa mbele. Alama ya kutu itabaki. Tepu ya zamani iliyokauka na kudondoka imeacha doa la njano ambalo halitoki nyumbani. Ile ambayo bado ina nata iache kama haisumbui, kwa sababu wanaoivuta huondoka na herufi za jina la gazeti.

Unashuku umeuziwa nakala

Maduka ya sanaa yamejaa majalada "ya zamani" yaliyochapishwa mwaka huu. Hakuna ubaya kununua nakala kwa bei ya nakala. Tazama maandishi meusi kwa kioo cha kukuzia: kwenye chapa ya asili herufi nyeusi kwa kawaida ni nyeusi tupu, kingo zake kali, kwenye nakala iliyoskaniwa herufi nazo zimejengwa kwa vidoti vya rangi. Picha ya asili ya katikati ya karne ya 20 ina vidoti vilivyopangwa kwa nidhamu, kama maua madogo. Printa ya wino hunyunyiza bila mpangilio. Geuza upande wa pili: jalada la kweli karibu daima lina tangazo au maandishi nyuma yake. Pima kwa rula, maana The Saturday Evening Post ya enzi za Rockwell ilikuwa kubwa, na nakala nyingi zimefinywa ziingie kwenye A4.

Kisha kaazime tochi ya kukagulia noti kwa mfanyabiashara yeyote. Karatasi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haing'ari chini ya mwanga ule. Karatasi nyeupe ya kisasa huwaka bluu. Iliyochovywa kwenye chai ili ionekane kongwe ina kahawia iliyolingana pande zote mbili na mpaka katikati, na ukiinusa unaijua.

Neno moja kwa wauzaji na wanunuzi pia: gazeti likiwa zima, na kurasa zake zote, usiling'oe jalada kwa ajili ya fremu. Yako majalada yatima ya kutosha, yaliyopoteza kurasa zamani.

Kila kitu kizima, lakini ukuta haupendezi

Vipimo vya mitandaoni vinasema katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Hiyo ni kwa mtu aliyesimama. Sebule ambayo wageni huketi chini juu ya jamvi, shusha mpaka 110 hivi, vinginevyo watazame dari. Fremu nzito za kuchonga humeza mchoro wa gazeti. Ubao mwembamba wa rangi moja unatosha, na majalada ya gazeti moja yapewe fremu zinazofanana, sentimita tano kati ya moja na nyingine. Kioo kikirudisha taswira ya dirisha, hamisha fremu iwe pembeni mwa dirisha na siyo mkabala nalo.

Na wakati mwingine dalili ni mama mkwe kuhamia chumba kingine kila ikifika magharibi. Chanzo ni nyuso. Wengi wetu hatupendi kuswali mbele ya picha za viumbe, na majalada mengi ni ya wanawake waliovaa kwa mtindo wa Paris. Yapeleke ukumbini au kwenye ngazi, na chumba anachoswalia kibaki na michoro ya majahazi, majengo na miji, ambayo magazeti yale yale yaliichora kwa wingi.